Siku Mama Yako Alipoinuka

Zaina mwanangu,

Nakuandikia huku nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako juu ya sufuria. Yeye anataka uende nayo Sakania, wewe unasema Sakania sufuria zipo. Sufuria utaenda nayo, usijichoshe. Tangu nimuoe sijawahi kumshinda mama yako katika mambo ya jikoni, na sidhani wewe utaanza leo.

Mambo ya kufunga mizigo, ya kukaa na watu vizuri, ya kutomwachia mtu usiyemjua begi lako ndani ya treni, nimemwachia yeye. Ameshakwambia yote, mengine mara nyingi mpaka hata mbuzi wameyashika. Mimi nina neno moja tu, ila ni refu, na kila nikilikaribia kwa mdomo naanza mzaha. Unanijua. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Jumapili, shangazi yako alipoleta habari kwamba kina mama wa Sakania wanataka wewe, mwalimu wao mpya, uwashikie ufunguo wa depo la chakula, ulikataa kabla hajamaliza kusema. Kisha ukanigeukia mbele ya watu wote: "Baba, ni kweli tulikulaka bunga ya depo?" Nikacheka, nikasema chai inapoa. Mama yako akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Nilikuona ulivyoniangalia, mwanangu. Uliniangalia kama mtu aliyekwisha kujijibu. Kesho unapanda treni, na sitaki uende kuanza maisha ya watu wazima ukiwa na jibu hilo.

Basi nianze pale depo lilipoanzia, maana wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya reli. Kazi yangu ilikuwa kutembea njiani na nyundo ndefu, kugonga reli na kusikiliza. Reli nzima ina sauti yake, na yenye ufa ina yake. Kwa miaka mingi nililipwa kwa ajili ya masikio yangu, na nadhani ndipo nilipopata huu ugonjwa wa kutaka kujua kila kinachotokea katika nyumba za watu. Mama yako anasema nilizaliwa nao.

Kijiji chetu kiko karibu na Lubumbashi kiasi kwamba giza likiingia tunaona mwanga wa viwanda vya shaba, lakini posho ya kampuni haikufika kwetu hata siku moja. Watu wa kambi za wafanyakazi walipata mfuko wao wa unga kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Sisi tulikuwa na mashamba, na kila mwaka kulikuwa na miezi ile mibaya ambapo mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajashika punje. Baada ya mwaka mmoja uliotutoa jasho tukakubaliana kwamba kila nyumba itoe beseni la mahindi wakati wa mavuno, yawekwe pamoja, kisha wapewe wale watakaokwama. Nyumba yetu ilikuwa na chumba cha matofali chenye bati na kufuli. Ndivyo nilivyopewa ufunguo. Hakuna aliyenilipa, na sikuomba. Nilifurahi tu, kwa sababu sasa nilikuwa na ruhusa ya kuwauliza watu wanakula nini.

Taabu ni kwamba hakuna mtu wa kwetu anayekuja kusema ana njaa. Ataomba chumvi, ataomba moto, atakaa akiongea mpaka bukari isongwe na kuiva, lakini neno lenyewe hatalisema. Kwa hiyo nikatumia masikio. Kila asubuhi nilizunguka kijijini kama nilivyotembea njia ya reli, nikisikiliza vinu. Nyumba inayotwanga ina mahindi. Nyumba ambayo kinu chake kimenyamaza, jioni mama yako alipita pale na beseni kama mtu anayekwenda kusalimia. Nilijiona mjanja sana, nikamsimulia kila aliyekubali kunisikiliza.

Kinu cha Mama Ngoie hakikunyamaza hata asubuhi moja. Wewe unamjua alivyo leo, mama mnene, kicheko chake unakisikia kutoka stesheni. Wakati ule alikuwa mwembamba kama mchi wake. Mume wake alikuwa amekwenda Mokambo kununua samaki wakavu na hakurudi, hakuleta hata salamu. Mama Ngoie alitwanga kwa nguvu kuliko wanawake wote wa kijiji. Nikawa nampita, nikijisemea kwamba huyu, alhamdulillahi, ana akiba yake.

Walionishtua ni kuku. Siku moja nilisimama njiani karibu na uwanja wake, kitu kinanisumbua na sikijui ni kipi, mpaka nikakiona. Kuku wake na kuku wa majirani walikuwa wanachakura huko mbali, na hata mmoja hakusogea karibu na kinu. Umekulia hapa. Umeshaona mtu anatwanga mahindi bila kufukuza kuku? Nikasahau adabu yote niliyofundishwa, nikaingia bila hodi na kuchungulia ndani. Kulikuwa na magunzi, Zaina. Magunzi makavu na maganda ya mihogo, na yeye anatwanga.

"Baba Zaina, unatafuta nini mu kinu yangu?"

"Mama Ngoie, batoto banakula nini?"

"Banakula."

"Banakula nini?"

Aliendelea kutwanga, mimi nimesimama pale kama gogo. Halafu akasema bila kuniangalia: "Kinu ikinyamaza, bashemeki batasikia. Balisha niambia, siku batoto batalala na njala, batakuja kubakamata, kila mumoja na wake. Na weye ukiniletea bunga ya depo, kijiji muzima itajua, na bale nabo batajua. Acha nitwange, Baba Zaina. Enda."

Shemeji zake walifanya kazi mjini, kwenye kampuni, na kwao mtoto ni wa upande wa baba. Sitaki uwaone kama majambazi. Walikuwa na posho na nyumba nzuri, na waliamini wanawaokoa watoto wa ndugu yao. Lakini wangewagawana: Ngoie kwa huyu, wadogo kwa yule, na mama yao arudi kwa wazazi wake mikono mitupu. Hicho ndicho alichokuwa anakizuia kila asubuhi kwa magunzi yake, na mimi mwenye masikio yangu ya kusifiwa nilikuwa nimempita miezi yote ile.

Nikakimbia kumweleza mama yako. Kwanza alinigombeza. "Na weye ulienda kuchungulia kinu ya mwanamuke?" Kisha akanyamaza, na unajua mama yako akinyamaza kuna kitu kinapikwa. Siku chache baadaye akaniambia kwamba kosa si la kuku wala la Mama Ngoie. Kosa ni la depo. Tulikuwa tumelitengeneza kiasi kwamba mtu akisaidiwa lazima ajulikane, na anayejua zaidi ya wote ni mimi, na mimi sina mdomo wa kufunga. Niliumia.

Akawaita wanawake wote. Akawaambia kwamba tangu siku ile watatwanga pamoja uani kwetu, wenye mahindi na wasio nayo. Kila mmoja aje na beseni lake limefunikwa kitenge. Likiwa tupu, lije limefunikwa vilevile. Beseni linaingia depo, mlango unarudishwa, linatoka limefunikwa. Ndani ya chumba kile alikuwa yeye peke yake, hata mimi alinifukuza. Na unajua kwetu hakuna mwanamke anayefunua beseni la mwenzake. Mabeseni yalipotoka, hakuna aliyejua nani ametoka na zaidi ya alivyoleta. Mimi, kwa ubishi wangu, nikasema nitajua tu kwa shingo, maana aliyebeba uzito hutembea tofauti. Mama yako akawafundisha wale ambao hawakupewa kitu watembee polepole, shingo imekazwa, wakihema. Wanawake walicheka mpaka machozi. Wa kwanza kupita mbele ya watu na beseni kichwani, akilalamika kiuno, alikuwa yeye mwenyewe, na ghala letu la nyumbani lilikuwa limejaa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako, lakini ngoja, sijamaliza.

Depo likafanya kazi vizuri miaka kadhaa, mpaka sifa zake zikafika mjini, na sifa zina taabu yake. Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kijiji kizima, wakati tumetoka kufyeka kando ya barabara na majembe bado mabegani, akaja mjumbe wa chama. Watu wa mjini walikuwa wamekuja naye kuona, na kati yao alikuwamo shemeji mkubwa wa Mama Ngoie, amevaa suti ya abacost iliyopigwa pasi. Mjumbe hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa furaha, na nafikiri kweli alitaka kutusifu. Aliuliza ni nani amesaidiwa na depo hili. Ainuke, tumpigie makofi.

Hakuna aliyeinuka.

"Citoyen," akaniambia, maana ndivyo kila raia alivyoitwa wakati ule, "unasema depo iko inasaidia bantu. Bantu beko wapi?"

Nikasema ni wengi. Akasema basi wainuke. Nikasema hatuna desturi ya kuwataja. Furaha ikaanza kumtoka usoni. Akasema depo ambalo halina aliyesaidiwa hata mmoja si depo la msaada, ni biashara ya mtu, na kama ni biashara mahindi yatapakiwa kwenye lori leo hii yaende mjini. Lori lilikuwa pale pale, Zaina, injini inaunguruma. Nikawageukia watu. Nikamwona Mama Ngoie. Alikuwa ameketi chini na watoto wake, na alikuwa ameanza kujikusanya, mkono mmoja ameukaza ardhini, kama mtu anayetaka kusimama. Na shemeji yake anaangalia huku na huku.

Mama yako akainuka.

"Ni miye," akasema. "Njala ilikuwa kwetu. Depo njo ilitusaidia, miye na bwana yangu na mutoto yetu. Aksanti sana."

Makofi yalipigwa, mjumbe alikuwa anapiga kwa nguvu kuliko wote. Lakini nyuma ya makofi nikasikia yale mengine, nina masikio, nilikwambia. Kumbe ndiyo maana anakalia ufunguo. Kumbe mke wake ndiye anakula. Mama yako alibaki amesimama, kitambaa cha kichwa kimelegea, macho mbele. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Ningesema huyu anasema uongo, njooni muone ghala letu. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikamtazama Mama Ngoie, ambaye alikuwa amekaa tena chini na kumvuta mtoto mdogo mapajani, nikaufunga.

Mahindi yalibaki. Watoto walibaki. Wiki iliyofuata wazee wakaniomba ufunguo kwa adabu sana, wakampa mwingine. Nikaendelea kubeba magunia kama mtu yeyote.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilikasirika vibaya. Niliona aibu kwenda msikitini, niliona aibu kwenda dukani. Miaka yote ile nilikuwa nimependa kuonekana mtu wa mikono safi, nilipenda sana, na mke wangu aliichafua mbele ya kijiji bila hata kuniuliza. Nilikaa siku nyingi sisemi naye. Nilitunga maneno makali, nikayapanga vizuri, na siku nilipoyatoa alikuwa anachambua majani ya sombe. Nikamuuliza kwa nini alisema vile. Hakuinua kichwa.

"Ulitaka nitaje jina ya nani?"

Akaendelea na sombe yake. Mpaka leo sijapata jibu lingine, na si kwamba sijauliza. Nimemuuliza kama alikuwa amepanga tangu mwanzo. Nimemuuliza kama magoti yalimtetemeka. Nimemuuliza kama alinifikiria hata kidogo. Ananiambia nile, chakula kinapoa. Mtu nimeishi naye miaka yote hii, najua anavyokohoa na anavyofunga mlango, na siku hiyo moja sijaingia ndani yake. Wakati mwingine najikuta namwangalia tu anavyofagia, nikijiuliza.

Sasa wewe. Ulikuwa umeanza shule. Watoto walikuita mutoto wa depo, wakakutungia na wimbo. Uliporudi unalia mama yako alikwambia, waache. Mimi nilikaa kimya. Halafu ukakataa bukari ya mahindi, unakumbuka? Ulitaka ya mihogo tu, kwa sababu depo lilikuwa la mahindi. Ulikuwa unakaa mbele ya sahani umefumba mdomo, na tulidanganya watu kwamba tumbo lako linauma. Nilitoka nje mara nyingi wakati wa kula, ukadhani ni hasira. Haikuwa hasira, mwanangu. Nilishindwa kukuangalia.

Kwa nini hatukukwambia? Ngoie alikuwa rafiki yako, mlikuwa mnacheza pamoja kutwa nzima. Ungemwambia, naye angemwambia baba yake mkubwa, na lori lingekuja kwa kazi nyingine, ya kuchukua watoto. Tulikuchagulia wewe ubebe jina baya ili yeye abaki na mama yake. Hatukukuuliza. Nimefikiri sana kama tulikuwa na haki ya kufanya vile kwa mtoto, na sijui. Nikisema najua nitakuwa natia chumvi. Ukipata jibu uniandikie, hata kama ni la kunigombeza.

Leo mchana Mama Ngoie alikuja kukuaga, ukiwa umekwenda kwa fundi cherehani. Ameleta viwavi vikavu, mafunkubala, ya safari yako, mama yako ameyafunga ndani ya sufuria ile. Watoto wake sasa ni watu wazima, Ngoie ana mke Likasi, hakuna anayeweza kumkamata mtu tena. Alikaa kidogo, akanywa munkoyo, akainuka kwenda. Mlangoni akageuka.

"Mutoto yenu anaenda," akasema. "Muambieni. Ingine mwaka miye sitakuwako kusema kama ni miye njo depo ilisaidia." Akataka kucheka kama kawaida yake, kicheko hakikuja. Mama yako akamshika mkono, wakasimama hivyo hivyo, nami nikajifanya natafuta viatu.

Kwa hiyo hapana, Zaina. Hatukula unga wa depo, hata kibaba. Nimekuandikia kwa herufi kubwa ili usome hata treni ikitikisika: HATUKULA.

Kuhusu ufunguo wa Sakania sitakwambia chukua wala acha. Mimi nilidhani kazi ile ni kujua nani ana njaa, na nilikuwa hodari wa kujua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kujua ndiyo sehemu rahisi. Sehemu ngumu mama yako aliifanya kwa kusimama, na sina hakika kama inafundishika.

Lakini dunia hii ni ndogo, na reli ni moja. Siku moja mtu wa kwetu atashuka Sakania, atakuona sokoni, atapaza sauti mbele ya wanafunzi wako: huyu si mutoto wa depo? Ya zamani yote yamekwisha, hakuna anayeweza kuumizwa, na ukweli ni wako sasa. Unaweza kumwambia ghala letu lilikuwa limejaa. Na unaweza, ukipenda, kusimama pale na kumjibu kama alivyojibu mama yako: ndiyo, ni miye.

Sikuombi lolote kati ya hayo mawili. Nakuomba uniandikie ulisema lipi, na magoti yako yalikuwaje wakati unasema. Yeye amekataa kuniambia, na mimi bado nataka kujua.

Baba yako